Benjamin Franklin, Mchunguzi wa Joto na Baridi

Asubuhi na mapema, msimu wa kulima, mkulima wa Butiama hutoka nyumbani na jembe lake. Jembe hilo limeegemea ukuta usiku kucha, chuma na mpini pamoja, katika hewa ile ile. Hata hivyo akishika mpini mkono wake hauoni neno, bali akigusa chuma mkono hushtuka kwa baridi. Mtu ye yote aliyevigusa vitu hivi viwili atasema kwamba chuma kina baridi kuliko mti. Walakini ukichukua kipimajoto ukakiweka juu ya chuma, kisha ukakiweka juu ya mpini, utaona kinaonyesha hesabu moja. Basi ni kipi kisemacho kweli, mkono au kipimajoto?

Wala jambo hili si la jembe peke yake. Yamkini siku moja joto la kivulini likawa sawa kwa kipimo huko Musoma na huko Bunda. Mvuvi wa Musoma, aliyeketi penye kivuli cha jabali huku akipigwa na upepo wa ziwa, atasema kwamba siku ni njema. Mchuma pamba wa Bunda, aliyeinama shambani penye jua kali pasipo upepo, atasema kwamba siku hiyo haichukuliki. Hesabu ya kipimajoto ni moja, lakini miili yaona mambo mawili.

Katika watu wa kwanza waliolichunguza jambo hili na kulieleza kwa maneno yaliyo wazi, mmoja alikuwa Benjamin Franklin wa Marekani. Hakuwa mwana wa mfalme, wala hakusoma katika chuo kikuu. Maisha yake yanafaa kujulikana na kila mwanafunzi, kwa kuwa elimu yake kubwa aliipata kwa kutazama vitu vidogo vya kila siku na kuviuliza sababu.

Mwana wa mtengeneza mishumaa

Benjamin Franklin alizaliwa mjini Boston tarehe 17 Januari 1706. Siku zile nchi ya Marekani kama tuijuavyo leo ilikuwa haijawa. Palikuwa na makoloni ya Waingereza tu, yaliyopangana kando ya bahari ya Atlantiki. Baba yake, Josiah, alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni. Mali yake ilikuwa kidogo na watoto wake walikuwa wengi: jumla yao kumi na saba kwa wake wawili, maana wa kwanza alifariki akaoa wa pili. Benjamin alikuwa mtoto wa kumi na tano.

Kwa sababu ya uchache wa mali, Benjamin alisoma shuleni muda wa miaka miwili hivi tu. Alipofika umri wa miaka 10 baba yake alimtoa, akampa kazi ya kukata tambi za mishumaa na kumimina mafuta katika kalibu. Kazi hiyo mtoto hakuipenda. Alitamani kwenda baharini, lakini baba yake alikataa. Hata alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake, akiona jinsi apendavyo vitabu, alimtia chini ya ndugu yake mkubwa, James, ili ajifunze kazi ya kupiga chapa.

Hapo Benjamin alipata alichokitaka. Aliazima vitabu, akavisoma usiku mwingi ili avirudishe asubuhi. Lakini James alikuwa bwana mkali, naye alimpiga mara nyingi. Mwaka 1723, Benjamin alipokuwa na umri wa miaka 17, alitoroka. Alifika New York, akakosa kazi. Akaendelea mbele, safari nyingine kwa chombo na nyingine kwa miguu, hata akaingia mji wa Philadelphia akiwa amechoka, nguo zake chafu, na mfukoni mna fedha kidogo sana. Alinunua mikate mitatu, akatia mmoja kwapani huku na mmoja kwapani huku, akatembea barabarani akila wa tatu. Mikate miwili iliyobaki alimpa mwanamke mmoja na mtoto wake waliosafiri naye chomboni. Msichana mmoja aitwaye Deborah Read alikuwa amesimama mlangoni kwao akamwona akipita, naye alimwona kuwa kijana wa kuchekesha. Mwaka 1730 Deborah huyo alikuwa mke wake.

Mpiga chapa wa Philadelphia

Franklin alifanya kazi kwa bidii hata akawa na kiwanda chake mwenyewe cha kupiga chapa. Mwaka 1729 alianza kutoa gazeti. Mwaka 1731 yeye na rafiki zake walichanga fedha wakaanzisha maktaba ya kuazimana vitabu, na mwaka 1736 alianzisha kikosi cha watu wa kuzima moto mjini.

Katika miaka hiyo mawazo yake yalianza kugeukia habari za joto. Nyumba za nchi ile zilikuwa na meko makubwa ya ukutani, na wakati wa baridi watu waliketi mbele ya moto. Lakini sehemu kubwa ya joto ilipanda juu na moshi na kupotea. Mtu aliungua usoni, na mgongoni akaganda kwa baridi. Miaka ya kwanza baada ya 1740 Franklin alitengeneza jiko la chuma lililotumia kuni kidogo na kueneza joto chumbani. Gavana alitaka kumpa hati ya kumzuia mtu mwingine ye yote kulitengeneza, ili faida yote iwe yake. Franklin alikataa. Aliona kwamba sisi sote twafaidiwa na mambo yaliyovumbuliwa na wengine, basi yafaa nasi tufurahi kuwafaa wengine kwa yale tuliyoyavumbua sisi.

Mwaka 1748, akiwa na umri wa miaka 42, aliacha kazi ya kila siku ya kiwandani ili apate nafasi ya kuchunguza mambo. Watu wengi wamjua kwa habari za umeme: mwaka 1752 alirusha kishada wakati wa mawingu ya radi, akaonyesha kwamba radi na umeme ni kitu kimoja, na tena aliwafundisha watu kusimamisha ufito wa chuma juu ya nyumba ili radi isiiteketeze. Mwaka 1753 chama kikubwa cha wataalamu wa London kilimpa nishani. Lakini habari zake za joto na baridi si ndogo, ingawa wazijuao ni wachache.

Shati kavu

Jumapili moja ya Juni 1750 palikuwa na joto kali Philadelphia. Kipimajoto kivulini kilifika 100 kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani karibu 38 kwa kipimo cha Celsius. Joto hilo lilipita joto la mwili wenyewe. Franklin aliketi chumbani akisoma na kuandika, amevaa shati na suruali ndefu ya kitani tu, milango na madirisha wazi, na upepo wa nguvu ukipita nyumbani. Jasho lilimtoka hata likachuruzika mikononi, na mara kwa mara ilimpasa kubadili shati kwa kuwa lile la kwanza limelowa.

Mtu mwingine angaliona taabu tu. Franklin aliona ajabu. Kila alipotoa shati kavu sandukuni na kulivaa, aliliona kuwa lina moto kana kwamba limeanikwa karibu na meko. Alipoweka mkono juu ya meza, meza nayo ilikuwa na moto; alipoketi kitini, kiti vile vile. Vitu vyote visivyo na uhai vilikuwa na joto la hewa iliyovizunguka, lakini mwili wake yeye ulikuwa chini yake. Aliwaza hivi: mwili hutoa joto lake wenyewe, na hewa nayo ina joto, kama hayo mawili yangejumlishwa, mwili ungepaswa kuwa na moto kupita vitu vyote chumbani. Mbona haikuwa hivyo?

Jibu alilipata katika jasho. Maji yakikauka hayapotei bure. Hugeuka mvuke, na ili yageuke mvuke hutwaa joto kutoka kitu yalichokilowanisha. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoka pamoja na joto la mwili. Upepo huuchukua ule mvuke upesi na kuleta hewa nyingine mahali pake, basi jasho hukauka upesi zaidi. Franklin alidhani kwamba maiti katika chumba kile angalipata joto la hewa sawasawa na meza na kiti. Bali mtu aliye hai huokolewa na jasho lake.

Hivyo ndivyo ulivyo mtungi wa udongo katika nyumba za Mara. Maji hupenya kidogo kidogo katika udongo, nje ya mtungi pakalowa, na unyevu ule ukikauka hutwaa joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungi yana baridi ya kupendeza, na maji ya debe lililo kando yake hayana.

Kufuli la meza

Mwezi wa Aprili 1757 Franklin alimwandikia barua rafiki yake John Lining, mganga wa mji wa Charleston. Alikuwa akiandika juu ya meza ya mbao yenye kufuli la chuma. Mbao na kufuli vilikuwa chumbani pamoja, katika hewa moja, basi vilikuwa na joto moja. Hata hivyo alipogusa mbao, kisha akagusa kufuli, aliona kufuli lina baridi kuliko mbao.

Franklin alimweleza rafiki yake sababu. Mkono una joto kuliko meza, na joto daima hutoka kwenye kitu chenye joto jingi kwenda kwenye kitu chenye joto kidogo. Mbao huipokea ile hari polepole, nayo hukaa pale pale ilipoguswa. Basi mbao hupata joto upesi, na mkono haupotezi kitu kingi. Chuma hupokea joto upesi na kulisambaza mwilini mwake mwote, kisha hutaka jingine. Kwa hiyo ngozi hunyang'anywa joto lake upesi, na kunyang'anywa huko ndiko tukuitako baridi. Alitoa na mfano mwingine: sarafu ya fedha ikishikwa kwa vidole na ukingo wake kutiwa katika mwali wa mshumaa huunguza vidole mara, bali kipande cha mti chenye ukubwa ule ule chaweza kushikwa hata ukingo wake ukateketea.

Fumbo la jembe la Butiama limefumbuliwa. Mkono haukudanganya, wala kipimajoto hakikudanganya. Ila viliulizwa maswali mawili tofauti. Kipimajoto kiliulizwa jembe lina joto kiasi gani. Mkono ulijibu joto langu linaniondoka kwa haraka gani. Na mchana jambo hugeuka. Vitu vikiwa vimepata joto kupita mkono, joto hutoka kwenye kitu kuingia mkononi. Hapo chuma, kwa kuwa hupitisha joto upesi, huunguza, na mpini wenye joto lile lile washikika. Chuma kile kile ni cha baridi kupita mti alfajiri, na ni cha moto kupita mti adhuhuri.

Franklin aliwaza juu ya joto kama watu wa zamani zake, akidhani kwamba ni kitu kama maji kinachotiririka kutoka mahali hata mahali. Leo twajua kwamba joto ni mwendo wa chembe ndogo sana zilizomo katika kila kitu, wala si kimiminiko. Twajua tena kwamba katika ngozi mna neva zipokeazo habari za joto na baridi, nazo zapima hali ya ngozi yenyewe, si hali ya kitu kilichoguswa. Lakini yale aliyoyasema juu ya mbao na kufuli ni kweli hata leo.

Barafu katika chumba chenye joto

Mwaka ule ule wa 1757 Franklin alipelekwa London na baraza la koloni lake, Pennsylvania, kwenda kuwatetea watu wake. Mwaka uliofuata alikwenda Cambridge, na huko yeye na mwalimu wa kemia, John Hadley, walifanya jaribio moja.

Walichukua kipimajoto, na gololi yake yenye zebaki wakaipaka etha, dawa ya maji ikaukayo upesi sana kuliko maji. Mmoja alipaka kwa unyoya, mwingine akapuliza kwa mivuo ili etha ikauke upesi zaidi. Chumba kilikuwa na joto la 65 kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani karibu 18 kwa kipimo cha Celsius, kama asubuhi ya kawaida ya Butiama. Zebaki ilianza kushuka. Ilishuka ikapita mahali maji yagandapo, ikaendelea, hata ikafika 7, yaani karibu 14 chini ya sifuri kwa kipimo cha Celsius. Barafu ilifanyika juu ya gololi, ikawa nene kiasi cha milimita sita hivi. Na hewa ya chumba ilikuwa vile vile, haikubadilika.

Alipomwandikia tena Lining, mwezi wa Juni 1758, Franklin alisema kwamba kwa jaribio hili mtu aona jinsi iwezekanavyo mwanadamu kugandishwa akafa hata siku ya joto. Si maneno ya mchezo. Mvuvi wa Musoma aliyekesha ziwani akivua dagaa, nguo zikalowa kwa mawimbi, kisha upepo ukampiga hata kulipopambazuka, atatetemeka ingawa mtu mkavu aliye pwani haoni baridi. Kipimajoto hakitaonyesha hatari yake. Nguo iliyolowa huunyang'anya mwili joto kila dakika, na upepo huzidisha unyang'anyi huo. Ndiyo maana wenye busara humvua kwanza nguo zilizolowa, wakamfunika kwa kavu, ndipo wakampa cha moto cha kunywa.

Wavunaji wa Pennsylvania

Katika barua ile ile Franklin alitaja jambo jingine la kufa na kupona. Katika mashamba ya Pennsylvania wavunaji wa nafaka walifanya kazi juani wakati wa joto kali. Franklin aliona kwamba waliweza kuichukua kazi hiyo maadamu walitoka jasho, na maadamu walikunywa mara kwa mara ili jasho lisikatike. Lakini jasho likikoma, mtu huanguka, na mara nyingine hufa ghafula. Kinywaji chao kilikuwa maji yaliyochanganywa na pombe kali, kama ilivyokuwa desturi; leo twajua kwamba yaokoayo ni maji, wala si pombe.

Basi mchuma pamba wa Bunda alindwa na kitu kile kile kilichomlinda Franklin Jumapili ile. Siku hewa ikiwa kavu na upepo ukivuma, jasho hukauka mara litokapo, hata yeye mwenyewe hajui kwamba ametoka jasho jingi. Akisahau kunywa, mwili hukaukiwa. Siku hewa ikiwa nzito yenye mvuke mwingi, kama kabla ya mvua, jasho halikauki bali huchuruzika tu, na jasho lichuruzikalo bila kukauka halimpozi mtu. Siku ya namna hiyo yachosha kupita siku kavu, ijapokuwa kipimajoto kinaonyesha hesabu moja. Mwenzako akiacha kufanya kazi juani, kichwa kikimzunguka, ngozi yake ikawa na moto na maneno yake yakachanganyika, usimwambie kwamba ni mvivu. Mpeleke kivulini upesi, mlowanishe maji, mpepee, na utafute msaada wa mganga. Umfanyiavyo ndivyo mfanyavyo jasho na upepo.

Vitambaa juu ya theluji

Franklin aliuliza pia kama rangi ya nguo ni kitu katika habari ya joto. Katika barua ya mwaka 1761 alimweleza Mary Stevenson, binti wa mwenye nyumba aliyopanga London, jaribio alilolifanya. Alichukua kwa mshona nguo vitambaa vidogo vya mraba vya rangi mbalimbali: cheusi, cha samawati nzito, cha samawati nyepesi, cha kijani, chekundu, cha manjano, cheupe na vinginevyo. Asubuhi moja yenye jua alivitandaza vyote juu ya theluji, akaviacha. Baada ya saa chache kitambaa cheusi kilikuwa kimezama chini sana, kwa kuwa kilipata joto la jua kikayeyusha theluji iliyo chini yake. Cha samawati nzito kilizama karibu sawa nacho. Vingine vilizama kidogo kwa kadiri ya rangi zao. Na cheupe hakikuzama hata kidogo.

Vitambaa vyote vilikuwa chini ya jua moja, katika hewa moja. Lakini cheusi kilimeza nuru ya jua na kuigeuza kuwa joto, na cheupe kiliirudisha. Kwa hiyo Franklin alishauri kwamba katika nchi za jua kali watu, hasa askari, wavae nguo nyeupe. Hapo twaona kwa nini mvuvi wetu aliye kivulini na mchuma pamba aliye juani hawawezi kupatana juu ya hali ya siku. Kipimajoto hutundikwa kivulini ili kipime hewa peke yake. Bali mwili ulio juani hupokea joto la hewa pamoja na joto la miali ya jua.

Jambo alilochelewa kuliona

Miaka iliyobaki ya Franklin ilijaa kazi za nchi yake. Mwaka 1776 alikuwa mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani. Kisha alipelekwa Ufaransa kutafuta msaada, akakaa huko hata mwaka 1785. Na mwaka 1783 alikuwa mmoja wa waliotia sahihi mapatano ya amani na Uingereza. Mwaka 1787, akiwa mzee wa miaka 81, aliketi katika mkutano ulioandika katiba ya nchi ile.

Lakini habari za mtu hazifai kuandikwa nusu. Franklin, aliyejua kupima mambo, kwa miaka mingi alikuwa na watumwa nyumbani mwake, watu wa asili ya Afrika. Wawili, Peter na King, alikwenda nao London mwaka 1757, na King alimtoroka huko, kama Franklin mwenyewe alivyomtoroka ndugu yake alipokuwa kijana. Gazeti lake lilipiga chapa matangazo ya kuuza watumwa. Hakuona neno, kwa sababu desturi ilikuwa imemzoeza, kama vile mkono uliozoea maji ya moto usivyoona moto wake.

Hata hivyo hakufa katika hali hiyo. Alipotembelea shule ya watoto weusi huko Philadelphia mwaka 1763, aliona kwamba akili zao hazipungui zile za watoto weupe, akakiri kwamba mawazo yake ya kwanza hayakuwa ya haki. Mwaka 1787 aliwekwa kuwa mkuu wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa. Mwezi wa Februari 1790, akiwa mgonjwa, alitia sahihi ombi lililopelekwa kwa bunge la Marekani ili biashara ya watumwa na utumwa wenyewe ukomeshwe. Bunge halikulikubali. Miezi miwili baadaye, tarehe 17 Aprili 1790, Benjamin Franklin alifariki Philadelphia, naye alikuwa na umri wa miaka 84. Watu wapatao elfu ishirini walikusanyika siku ya maziko yake.

Watu wengi kabla ya Franklin walikuwa wamegusa kufuli na mbao, na wengi walikuwa wamebadili shati siku ya joto. Hawakuuliza, kwa kuwa walidhani kwamba wanajua tayari. Yeye aliuliza, akapima, akaona kwamba mwili haupimi joto la vitu, bali wapima joto liingialo na litokalo ndani yake. Na ya kwamba upepo, unyevu, jua, rangi ya nguo, na kitu chenyewe tukigusacho, vyote vyabadili hesabu hiyo. Kwa hiyo mtu wa Musoma asimcheke mtu wa Bunda aliaye kwa joto, wala aliye mkavu asimcheke aliyelowa atetemekaye. Kwanza na aulize mwenzake amesimama wapi, penye upepo au pasipo upepo, kivulini au juani, mkavu au aliyelowa. Na kesho asubuhi, mwanafunzi atakayeshika jembe kabla ya jua kuchomoza, na aguse mpini, kisha aguse chuma. Atajua sasa ni kitu gani kinachomwondoka mkononi.